Rangi Iliyokataa Kutoka

Siku hizo Fidès alikuwa anafua nepi alfajiri, jua halijatoka, na wala si kwamba alikuwa amezidiwa na bidii. Alikuwa anaficha. Hakutaka majirani wayaone maji aliyokuwa anamwaga, kwa sababu yalikuwa ya waridi, tena si waridi la kawaida bali lile linalowaka, linaloonekana hata kabla macho hayajazoea giza. Alipaka sabuni ya kipande, akasugua mpaka vidole vikamuuma, akasuuza mara tatu. Nepi zikabaki vilevile. Mtoto wake Elodie, wa mwaka mmoja na miezi minne, alikuwa anakojoa rangi hiyo kwa siku ya tisa.

Akainua beseni aende kumwaga mferejini. Kabla hajamwaga hata tone, akasimama. Mfereji ulikuwa tayari una rangi ileile. Ulikuwa unashuka polepole kati ya vyoo na kuta za matofali ya udongo, ukitoka juu, upande wa nyumba ambazo milango yake ilikuwa imefungwa na hapakuwa na mtu hata mmoja nje. Hakuna aliyekohoa. Hakuna jogoo aliyewika. Maji tu yalikuwa yanapita mbele ya miguu yake kama yanajua yanakokwenda.

Alimwaga haraka akaingia ndani. Koko Cécile, mama wa mumewe, alikuwa ameshaamka, ameketi mkekani na Elodie mapajani. Bibi huyo alikuwa mtu wa Fizi, kule Kongo, mrefu, mkavu, wa maneno ya kuhesabu. Alikuwa na tabia ya kumwimbia mjukuu wake kwa sauti ya chini, wimbo usio na maneno, na mtoto hata awe analia namna gani alinyamaza papo hapo. Zamani Fidès aliona hiyo ni bahati ya nyumba. Wiki hii alikuwa ameanza kujiuliza bibi anamwambia nini mtoto kwa ule wimbo.

“Ilitoka?” Koko aliuliza bila kuinua macho.

“Bado, Koko.”

“Itatoka tu.”

Alisema kwa utulivu, kama mtu anayemjua mwenye kuileta. Elodie akamchekea mama yake, akatoa ulimi. Ulimi nao ulikuwa wa waridi. Fidès akageuka, akajitwisha sufuria yake kubwa, akaenda sokoni kuuza uji.

Maana kazi yake ilikuwa hiyo, uji. Tangu posho ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, hapa Malawi, ilipopunguzwa, unga mweupe mtupu ulikuwa umewachosha watu, na watoto walikuwa wanaufumbia mdomo. Fidès ndiye aliyepata wazo la kuutia rangi na harufu. Akauita uji wa fraizi, yaani stroberi, kikombe kwa kwacha mia mbili, na kwa miezi miwili sasa watoto walikuwa wanawavuta mama zao kwa kitenge kumfuata. Na kwa wiki hizi mbili, kila asubuhi alichota kikombe kimoja cha kwanza, akamwachia Koko amlishe Elodie.

*

Usidhani hakwenda zahanati. Alikwenda siku ya tatu. Nesi alichovya kikaratasi kwenye mkojo, akakitazama, akachovya kingine, akasema maneno kwa Kichewa, na mkalimani akayageuza: hakuna damu. Mwingine angeshukuru Mungu. Fidès alitoka pale na hofu zaidi. Kama ni nyekundu na si damu, basi ni nini? Alirudi nyumbani na swali hilo, akalala nalo, akaamka nalo, na siku ya nane akaifunga nepi moja ndani ya mfuko wa plastiki, akaipeleka kwa Mama Marguerite, mkubwa wa waombezi wa kanisa lao. Hakumwambia mumewe. Hakumwambia mtu.

Siku iliyofuata, Jumatano jioni, waombezi wakaja. Walikuwa saba, wote wamefunga vitambaa vyeupe kichwani, na waliingia bila kubisha hodi, kitu ambacho kwa watu wenye adabu kama wale kilikuwa tayari ni hukumu. Ezechiel, mume wa Fidès, alikuwa ameketi na suruali ya mteja anaikunja pindo. Akasimama, sindano mdomoni.

Mama Marguerite aliikunjua ile nepi, akaishika mlangoni kwenye jua la mwisho. Ikawaka. Wote wakarudi nyuma hatua moja.

“Kwa zahanati balipima bakakosa damu,” alisema. “Munaelewa? Ile karatasi yabo inaona damu ya mwili. Hii haikuione. Nani njo anakulishaka huyu mutoto?”

“Koko yake,” alijibu Fidès.

“Kila siku?”

“Kila siku. Mi niko sokoni.”

Ezechiel akatoa sindano mdomoni. “Mama Marguerite, huyu ni mama yangu.”

“Njo maana tulikuja pole pole, papa Elodie. Kwa bengine tunakuja na makelele.” Akamgeukia bibi. “Mama Cécile, uko na neno?”

Koko aliwatazama mmoja mmoja, akahesabu vitambaa vyote saba kwa macho. “Mi nilizaa batoto kenda. Nilizika batano. Mikojo ya batoto nilishaka kuona ya kila namna. Ile, sijue ni nini. Kama mi sijue, nyie munajua aje?”

“Munaona?” mmoja wa waombezi akanong’ona. “Munaona vile anajibu?”

Mama Marguerite alitoa hukumu akiwa anaikunja nepi vizuri, pembe kwa pembe, kama anakunja nguo ya mgonjwa. Watafunga siku tatu. Jumamosi watakuja kufungua mfungo katika nyumba hii yenye taabu, kama desturi yao ilivyo, na mama wa nyumba atawapikia uji. Mpaka hapo bibi asimguse mtoto hata kwa kidole. “Na dimanche, ile Jumapili, kisha ibada, atasimama mbele ya kanisa aseme. Akikataa kusema, atoke ku nyumba.”

“Aende wapi?” aliuliza Ezechiel.

Wote walijua. Mwaka uliopita bibi mmoja wa Bujumbura alitolewa namna hiyohiyo. Alilala chini ya meza za soko mpaka mvua zilipoanza, watu wakipita na kugeuza nyuso, halafu asubuhi moja meza zilikuwepo na yeye hayupo. Mpaka leo hakuna anayetaka kuuliza alikwenda upande gani.

Walipotoka, Koko alimtazama Fidès kwa muda mrefu. “Ile linge ya mutoto, ile nepi,” alisema, “ilifikaje kwa mikono yabo?”

Fidès akajifanya anatafuta kifuniko cha sufuria.

*

Kwa kuwa bibi amekatazwa kumshika mtoto, Alhamisi Fidès ilimbidi aende sokoni na Elodie mgongoni. Uji hakumpa. Mtoto alikuwa amemlalia shingoni na joto lake, na mama alijikuta anaogopa hata kumlisha, asije akakosea na kile kitu kikazidi, akawa anamnyonyesha tu. Kichwani Elodie alikuwa amevaa kofia yake ya sufu, iliyokuwa nyeupe. Hiyo nayo ilikuwa imedondokewa na uji wiki iliyopita, na ajabu yake ni kwamba nepi za pamba zilikuwa zinafifia kidogo kila zinapofuliwa, lakini ile kofia ilikuwa inazidi kukolea.

Aliyeifuma ni Irambona, Mrundi mwenzake, mwanamke mnene mwenye kucheka ovyo, aliyekuwa na kibanda cha kufuma sweta za shule. Fidès alikwenda kumlaumu.

“Wewe Irambona, uliniuzia uzi mubaya.”

“Mimi? Lete nione.” Irambona akaivua kofia kichwani mwa mtoto, akaikuna kwa ukucha, akaitia mate akaisugua. Kicheko kikamwisha usoni. “Uzi hauna shida. Hii kofia imekunywa rangi. Sufu njo inafanyaga hivyo, ikikuta rangi ya viwanda inaishika, haiachii. Damu haikai hivi. Damu ingekuwa ya udongo sasa. Ulimwagia nini mutoto?”

“Uji tu.”

“Uji gani?”

Fidès akageuza macho kwenye sufuria yake.

“Nenda nyumbani,” alisema Irambona, “uniletee kila kitu chenye rangi unachopikaga. Kila kitu, usichague.”

Alileta vitu kwenye bakuli: nyanya ya paketi, majani mekundu ya lengalenga, mawese ndani ya chupa, unga wa juisi ya machungwa, pipi mbili, na ule mfuko wa fraizi. Irambona akapanga vikombe vya bati kwenye jiko la mkaa, akatia kila kitu kwenye kikombe chake na maji, akaongeza siki, halafu akakata nyuzi nyeupe za sufu, akatumbukiza mmoja mmoja. Wanawake wawili wakakaa wakitazama mvuke kama watu wanaongoja wageni. Wateja walipita, wakachungulia, wakaenda zao.

Baada ya muda alizitoa nyuzi, akaziosha kwa sabuni na maji ya moto. Wa nyanya ukarudi mweupe. Wa lengalenga, uliotoka kikombeni mwekundu wa kutisha, ukaachia rangi yote majini ukabaki na kivuli tu. Wa mawese ulikuwa na mafuta, ukasafika. Ule wa machungwa ukabaki na umanjano, na wa pipi ukabaki mwekundu mpauko.

“Hizi mbili ni rangi ya viwanda, lakini ni ile ya kukula, wanaandikaga ku paketi,” alisema Irambona. “Kidogo si kitu. Sasa ona huyu.”

Uzi wa fraizi hakuushika kwa mkono. Aliuinua kwa kijiti. Aliuosha mara mbili, mara tatu, akaupitisha kwenye majivu, akauosha tena. Haukupungua hata chembe. Akaupeleka kwenye pembe ya kibanda ambako jua halifiki, na kule gizani uzi ukaonekana kama una mwanga wake wenyewe.

“Hii naifahamu,” alisema, na sasa alikuwa anaongea kwa sauti ndogo. “Gitega, wakati niko musichana, tulikuwa tunapika nayo katani ya vikapu. Bosi alitukataza kukulia chakula ile mikono. Siye tulikuwa tunakula tu. Tukienda ku choo tunaona pinki, tunaitana, tunacheka.”

“Munacheka?”

“Tulikuwa na miaka kumi na tano, dada. Nani alituambia?”

Ndipo Fidès alipouona ule mfereji tena, na milango iliyofungwa, na kila nyumba iliyokuwa inafua alfajiri. Kila nyumba ilikuwa inaficha, na kila nyumba ilidhani ni yenyewe peke yake iliyoingiliwa. Alizipitia kichwani: kwa mama Ndikumana, kikombe kimoja kila siku, kwa Bigirimana, viwili, kwa wale mapacha wa kona ya bomba, vitatu. Alikuwa amewapikia wote. Akakaa chini, na Elodie akaamka akaanza kulia.

Tuseme ukweli, na yeye mwenyewe hakuukana baadaye: aliwaza kunyamaza. Angeweza kuutupa ule mfuko, akauza uji mweupe, rangi ikaisha yenyewe kambini, na hakuna ambaye angejua. Bibi angetoka Jumapili. Bibi tu, mmoja, ambaye hata hivyo alikuwa hampendi sana.

*

Ijumaa alikwenda Lilongwe, mtaa wa Old Town, Elodie mgongoni, kumwona aliyemuuzia ile rangi. Alijiambia Irambona anaweza kuwa amekosea. Mtu akiwa anazama hushika hata jani, na Fidès alikuwa anatafuta jani.

Muuzaji alikuwa mama mmoja wa makamo, anakaa karibu na stendi ya mabasi, mbele ya duka lililofungwa miaka mingi. Alikuwa na mabeseni matano ya unga wa rangi mbalimbali, na upande wake wa kushoto kulikuwa na mwanamke anauza sukari. Kwenye sukari nyuki walikuwa wamejaa tele. Kwenye mabeseni ya rangi hapakuwa hata na nzi mmoja. Fidès alikuwa amenunua pale mara nne na hakuwahi kuliona hilo.

“Zikomo, amayi,” Fidès alimsalimu kwa Kichewa.

“Zikomo, mama wa uji!” Yule mama alikuwa anajua Kiswahili cha kutosha kwa sababu ya safari zake za Mbeya. “Vikombe vingapi leo?”

“Nataka kuuliza. Hii ni ya nini?”

“Ni rangi.”

“Ya kula?”

“Rangi ni rangi, mama. Watu wa mikeka wananunua. Watu wa nguo wananunua. Wewe wa uji unanunua. Mimi napima.”

“Lakini ulisema ni fraizi!”

Yule mama alimtazama kwa mshangao wa kweli, bila hila yoyote. “Wewe ndiye ulisema. Siku ya kwanza ulikuja ukaonyesha na kidole, ukauliza, hii ni ya fraizi? Nikasema ndiyo. Mteja akisema ni fraizi, mimi nimkatalie?”

Fidès alijaribu kukumbuka vinginevyo, akashindwa. Ilikuwa hivyohivyo. Yeye ndiye aliyeipa jina. Hata harufu alikuwa anaitia mwenyewe, kutoka kichupa alichonunua duka lingine. Akaomba kuona ndoo ilikotoka. Yule mama akaivuta kutoka nyuma yake bila wasiwasi. Maandishi Fidès hakuweza kuyasoma, lakini picha hazihitaji shule: mkeka, fulana, na chini yake mdomo wa mtu uliopigwa mstari.

Alipokuwa anarudisha ndoo, mkono wa gauni la yule mama ulipanda juu. Mkono wake ulikuwa wa waridi mpaka kwenye kiwiko. Si vumbi, ngozi yenyewe. Kola yake ilikuwa na alama za jasho za rangi hiyo, na alipocheka, fizi zake zilikuwa hivyohivyo.

“Haitoki?” Fidès aliuliza.

“Mwaka wa pili huu. Mwanzoni nilikuwa nasugua na mchanga. Siku hizi nimezoea, na mume wangu amezoea.” Akaunyosha ule mkono amuage Fidès kwa kuushika wake, na Fidès, aibu ikamshinda, akaupokea. Ulikuwa mkono wa kawaida, wa joto, wa mtu mwema.

Alirudi Dzaleka saa kumi. Akapika kikombe kimoja cha uji kwa sehemu ya ile rangi iliyobaki, akanywa chote amesimama, bila kumwambia mtu. Asubuhi ya Jumamosi alikwenda chooni na kopo jeupe. Alikaa kule muda mrefu sana, mpaka Ezechiel akaja kumwita.

“Si mama yako,” alimwambia palepale mlangoni pa choo. “Ni mimi. Ni uji wangu.”

Ezechiel akalitazama lile kopo, akamtazama mkewe. Kilichomjia kwanza usoni ni furaha, halafu hesabu ya watu wote waliokunywa ule uji ikamfikia. “Uwaambie ni rangi tu,” alisema. “Usiseme ni ya kwako. Batatuua, Fidès.”

*

Waombezi walifika saa tisa, midomo imewakauka kwa njaa ya siku tatu. Jambo la kwanza Mama Marguerite aliomba kuona nepi. Fidès akaitoa. Ilikuwa safi. Tangu Alhamisi Elodie hakula uji ule, na mkojo ulikuwa umefifia siku hadi siku, leo ukawa kama wa mtoto yeyote.

“Haleluya!” Mama Marguerite akaiinua juu. “Munaona? Tulimutenga na mutoto siku tatu tu, angalieni! Sasa nani atabisha? Nani?”

Wote wakamgeukia Koko, aliyekuwa ameketi pembeni kwenye kigoda, mikono mapajani. Fidès akaelewa. Ile ile dawa aliyoipata ndiyo iliyokuwa imemalizia kumfunga bibi kamba. Hakukuwa na namna ya kusema nusu.

“Mama Marguerite,” alisema, “munisikilize. Mutoto ni muzima juu nilimunyima uji yangu. Ile unga yenye mi natiaka, si fraizi. Ni rangi ya mikeka. Nilifika Lilongwe, niliona ndoo yake. Njo mi niliyemupikia, Koko alikuwa anapokea tu kikombe. Njo mi nililetaka ile linge kwenu. Jana nilikunywa mi mwenyewe, na leo asubuhi niliona kwangu yale yenye niliona kwa mutoto.”

Ezechiel alifumba macho. Koko peke yake ndiye aliyesogea, akageuza shingo polepole kumtazama mkwewe, na katika yote yaliyosemwa Fidès alijua ni neno gani amelisikia: lile la nepi.

“Koko anamufunga ulimi,” alisema mwombezi mmoja. “Anamutuma aseme hivyo.”

“Mutu mwenye akili atajisingizia?” mwingine akasema.

“Njo vile banafanyaka!”

Fidès akafunua sufuria. Uji ulikuwa tayari, na rangi yake ikapiga kwenye kuta na kwenye vile vitambaa vyeupe. “Desturi inasema mutafungua mufungo hapa, na mi nipike. Nilipika. Huu ni ule ule, nimewaambia kila kitu chenye kiko ndani. Kama munaamini mi nasema bongo, nawadanganya, ni uji tu, mukule. Kama mukikula na kesho mukaona kitu, mutakuwa mumejua si mama huyu. Hakuwagusa. Akae kule kule kwa kigoda. Na kama mukikataa kukula, basi munaniamini, na mumwache.”

Hakuna aliyenyosha mkono. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatano, wale wanawake saba walikuwa na sura za watu wa kawaida wenye njaa. Mmoja akatazama mlango.

Ila Mama Marguerite hakuwa mtu wa kurudi nyuma mbele ya watu. Uso wake ulikuwa umebadilika. Kulikuwa na kitu ndani yake ambacho Fidès alikidhania ni hasira. Akachukua kikombe, akachota mwenyewe, akanywa mpaka chini, akapangusa mdomo na kitambaa chake. Kitambaa kikabaki na alama.

“Uji,” alisema. “Ni uji. Mukule.”

Nani angebaki nyuma? Wakanywa wote saba, wengine wakifumba macho, na kwa muda hapakuwa na sauti nyingine ndani ya nyumba ile isipokuwa ya kumeza.

*

Jumapili kanisa lilijaa, maana habari ilikuwa imetembea. Watu walikuja kumwona mchawi. Koko alivaa kitenge chake kizuri akaketi mbele, mahali alipoambiwa, mgongo umenyooka, na Fidès akaketi karibu naye na mtoto mgongoni. Nafasi ya waombezi ilikuwa viti saba vya mbele upande wa kulia. Vyote vilikuwa vitupu. Wawili waliokuja walikuwa wamekaa nyuma kabisa, na wimbo ulipoanza hawakufungua midomo.

Mchungaji Gakiza alisoma matangazo: zamu ya kufagia, mazishi ya mtaa wa Kawale, kwaya ya vijana. Alifika kwenye karatasi ya mwisho, akaitazama, akaitazama tena, akaikunja akaitia ndani ya Biblia. “Jambo la kwa papa Elodie limeisha,” alisema. “Tuombe.” Watu wakatazamana. Namna lilivyoisha, na nani alikosa, na kama kuna mtu anapaswa kusema neno kwa mama aliyewekwa mbele kama mwizi wa mbuzi, hayo hayakuwa kwenye tangazo.

Walipotoka, Mama Marguerite alikuwa amesimama nyuma ya ukuta wa kanisa, kitambaa amekivuta mpaka kwenye macho. Akamwita Fidès kwa kidole.

“Inachukuaka siku ngapi kutoka?”

“Mbili, Mama. Ao tatu. Usikule tena.”

“Mujukuu yangu iko na hii rangi wiki tatu sasa.” Akakivuta kitambaa tena. “Kila asubuhi nilikuwa nafua mi mwenyewe, mama yake asione. Nilijua iko kwangu. Nikasema nikiikuta kwa mutu mwengine, nikiifukuza kule, na kwangu itaondoka.”

“Alikuwa anakunywa uji yangu?”

“Kila siku ya Mungu.”

Fidès akapiga magoti pale pale kwenye vumbi kumwomba msamaha, na Mama Marguerite akamwinua kwa mkono mmoja, haraka, asionekane. Kisha akaondoka kwa njia ya nyuma. Kwa Koko hakwenda. Wala siku hiyo wala nyingine.

Fidès ndiye aliyekwenda. Sufuria kubwa alikuwa ameshaiuza kichwani mwake. Alijua hakuna mtu wa Dzaleka atakayenunua kitu cha kunywa mkononi mwake kwa muda mrefu, na aliona ni haki. Alimkuta bibi nyumbani ameketi mahali pake pa siku zote. Elodie alikuwa analia kwa usingizi, anajinyonganyonga, anamtaka bibi yake na wimbo wake.

“Koko, unisamehe,” alisema. “Nilikufikiria vibaya. Nililetaka linge kule kwa mikono yangu.”

“Nilisikia jana,” alisema Koko.

“Mutoto anakulilia. Mupokee.”

Bibi hakunyosha mikono. Aliirudisha nyuma ya mgongo wake, kama mtoto anayeficha kitu. “Ita bwana yako kwanza.”

“Koko, ni mutoto wako.”

“Ita Ezechiel.”

Ezechiel akaja kutoka nje, akasimama mlangoni, haelewi.

“Angalia vizuri,” Koko alimwambia mwanawe. “Mi sikumuchukua. Njo bibi yako, mama Elodie, ananipatia. Unaona?”

“Naona, Mama.”

Ndipo akampokea, akaanza kuimba kwa sauti ya chini, na Elodie akanyamaza papo hapo.

Toka hapo ikawa hivyo kila siku, asubuhi na jioni: mwanawe aitwe, asimame, aone, aseme ameona. Fidès alibembeleza, alilia, alimletea sukari, hakusaidia kitu. Na siku ambazo Ezechiel alikwenda Area 36 ya Lilongwe kutafuta vitambaa, asirudi mpaka magharibi, mtoto alilia mpaka akachoka, na Koko akiwa ameketi pembeni yake kabisa, mikono ameikalia.